Jeshi la akiba la Marekani kwa mwenye kazi na familia: mambo ya kukamilisha kabla ya kutia saini

Wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Ndivyo jeshi la akiba linavyotangazwa Marekani, na tangazo lenyewe halidanganyi. Ila ukiwaangalia walioshindwa kulichanganya na kazi na watoto, wachache walishindwa na hizo wikiendi. Wengi waliangushwa na miezi minne hadi sita ya mwanzo, mafunzoni, wakati nyumba inaendeshwa na mtu mmoja na simu yako imefungiwa kabatini. Maandalizi mengi yaliyo hapa chini ni ya kipindi hicho.

Mwongozo huu ni kwa msomaji aliyetoka Afrika Mashariki au Kongo anayeishi Marekani kihalali, mwenye kazi ya kudumu na familia. Mifano ni ya jeshi la nchi kavu, yaani Army Reserve, na kwa kiasi kikubwa inalihusu pia National Guard.

Unajiunga na nini hasa

Army Reserve iko chini ya serikali kuu peke yake. National Guard ina mabwana wawili, gavana wa jimbo na rais, kwa hiyo mafuriko au vurugu jimboni kwako zinaweza kukutoa kazini Jumanne mchana. Kwa upande mwingine, majimbo mengi hulipia askari wao wa Guard karo ya chuo cha umma. Mwenye mpango wa kusoma alinganishe vyote viwili kabla ya kukaa na mwandikishaji wa upande mmoja.

Mkataba wa kwanza ni wa miaka 8. Unaoonekana sana ni wa 6 kwa 2: miaka 6 ya kuhudhuria mazoezi, kisha 2 ambayo jina lako limo kwenye orodha bila kuhudhuria, ingawa unaweza kuitwa. Wapo wanaosikia "miaka sita" wakafunga masikio hapo hapo.

Wanaoruhusiwa ni raia na wenye kadi ya kijani. Aliye kwenye viza ya masomo, au anayesubiri jibu la ombi la hifadhi, hana mlango hapa. Aliyeingia kama mkimbizi asubiri hadi apate kadi ya kijani, na ombi lake hufunguka baada ya mwaka mmoja nchini. Uafisa ni wa raia tu. Asiye raia pia hapewi kibali cha kuona siri za serikali, kwa hiyo fani za intelijensia na nyingi za mitandao zimefungwa kwake mpaka apate uraia.

Hatua ya kwanza: karatasi, kabla hujampigia mwandikishaji

Faili za watu wetu hukwama hapa kuliko popote. Weka mezani kadi ya kijani, kadi ya Social Security, pasipoti, vyeti vya kuzaliwa vya kila mmoja nyumbani, cheti cha ndoa, na talaka kama ipo. Kisha soma herufi kwa herufi. Pasipoti ya Tanzania ina majina matatu, lako, la baba na la babu. Kadi ya kijani imechukua mawili. Cheti cha shule kimeandika "Mohamed" na Social Security "Mohammed". Kila tofauti ni barua ya maelezo na wiki za kungoja. Waliopitia kambi za wakimbizi kama Kakuma au Nyarugusu wengi wamepewa tarehe ya kuzaliwa Januari 1. Tarehe hiyo peke yake haina kosa. Shida ni cheti cha shule kinachosema Agosti 14.

Cheti cha kidato cha nne au KCSE kinahitaji tathmini ya shirika lililo mwanachama wa NACES, chama cha mashirika yanayotathmini vyeti vya nje. Mwenye digrii aifanyie tathmini hiyo hiyo, kwani huweza kuanza na cheo cha Specialist (E-4) badala ya ngazi ya chini kabisa. Mwanamume aliyeishi Marekani akiwa kati ya miaka 18 na 25 awe na uthibitisho kwamba alijiandikisha Selective Service, rejista ya wanaume wanaoweza kuitwa jeshini.

Cheti cha ndoa ndicho chenye mtego mkubwa. Mahari kupokelewa na wazee kukubaliana hakuingii kwenye DEERS, rejista ya jeshi ya familia za askari. Asiyekuwamo hana bima, na posho ya nyumba ya mwenye familia hailipwi. Waliofunga Tanzania wafuatilie cheti RITA, wakala wa usajili wa serikali. Waliofunga ndoa ya kimila Kenya waisajili kwa Msajili wa Ndoa, kama Sheria ya Ndoa ya 2014 inavyotaka. Karatasi ya Kiswahili au Kifaransa iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Usikimbilie kufunga ndoa upya kwenye ofisi ya kaunti ili upate cheti cha haraka: kama faili lako la uhamiaji linasema mmeoana tangu 2012 na cheti kipya kinasema mwaka huu, umejitengenezea swali zito zaidi. Muone wakili wa uhamiaji kwanza.

Hatua ya pili: mtihani na vipimo

ASVAB, mtihani wa kuingia jeshini, hupima mambo kadhaa, lakini alama ya kukuingiza, AFQT, hutoka kwenye sehemu nne tu: msamiati, ufahamu, hesabu za maelezo na hisabati. Kiwango cha kawaida cha jeshi la nchi kavu ni 31. Kwa aliyesomea Kiingereza kama lugha ya tatu, msamiati ndio huvuta alama chini. Wiki 6 hadi 8 za dakika 40 kila usiku zinatosha kwa wengi. Usiende kujaribu bahati, kwa sababu ukifeli unasubiri mwezi, ukirudia na kufeli mwezi tena, na baada ya hapo miezi sita. Alama kubwa pia hufungua fani nzuri, na fani ndiyo itakayoamua utakuwa mbali na nyumbani kwa muda gani.

Vipimo vya afya hufanyika kwenye MEPS, kituo cha jeshi cha kupokea wanaojiunga, siku nzima, tangu alfajiri. Mfumo wao wa kumbukumbu huvuta rekodi zako za hospitali za Marekani, kwa hiyo pumu uliyoandikiwa dawa ukiwa na miaka 16 itaonekana tu. Iseme mwenyewe na uombe idhini maalum.

Mambo mawili yanawahusu watu wa Afrika Mashariki zaidi. La kwanza ni kifua kikuu. Chanjo ya BCG inaweza kufanya kipimo cha ngozi kionekane chanya bila ugonjwa, ilhali kipimo cha damu hakidanganywi nayo. Omba hicho cha damu kwa daktari wako kabla, na kama uliwahi kumaliza dozi, beba karatasi ya matibabu. La pili ni miraa. Kemikali yake, kathinoni, imo kwenye orodha ya dawa za kulevya zilizopigwa marufuku na serikali kuu. Bangi nayo, hata jimbo lako likiiuza dukani kama sigara, jeshini ni kosa.

Hatua ya tatu: fani na kikosi

Katika Army Reserve unaajiriwa kwenye nafasi halisi iliyo wazi katika kikosi fulani, mji fulani. Kwa hiyo usiulize tu "kuna fani gani?" Uliza maswali matatu: kikosi kiko maili ngapi kutoka nyumbani, mafunzo ya fani ni wiki ngapi, na kikosi hicho kinatarajia kuitwa lini.

Mafunzo ya awali ni wiki 10, mahali kama Fort Jackson, South Carolina, au Fort Leonard Wood, Missouri. Mafunzo ya fani huja baada yake. Udereva wa malori na utunzaji wa stoo ni takriban wiki 6 hadi 8; utabibu wa kijeshi (68W), San Antonio, Texas, ni wiki 16; nyingine zinakaribia mwaka. Kwa mwenye watoto wadogo, tofauti ya wiki 7 na 16 ina uzito kuliko bonasi. Bonasi yenyewe, pamoja na ahadi yoyote ya masomo, iwe imeandikwa kwenye viambatisho vya mkataba. Mwandikishaji anaweza kuwa mtu mwema sana na bado akawa amehamishwa siku unayodai.

Nauli ya kwenda kwenye mazoezi kwa kawaida ni yako. Ukisafiri zaidi ya maili 100 kutoka nyumbani, weka risiti: gharama hizo zinaweza kupunguzwa kwenye kodi kwa Fomu 2106, hata kama hujumlishi makato mengine.

Hatua ya nne: hesabu ya pesa

Wikiendi ya mazoezi, au drili, huhesabiwa vipindi vinne: viwili Jumamosi, viwili Jumapili. Kila kipindi hulipwa sehemu moja ya thelathini ya mshahara wa msingi wa mwezi. Kwa viwango vya 2025, E-1, yaani ngazi ya chini kabisa, alipata karibu dola 310 kwa wikiendi na E-4 anayeanza karibu dola 400, kabla ya kodi.

Sasa weka pembeni yake kazi yako. Anayehudumia wazee kwa dola 20 kwa saa, akipiga shifti mbili mbili Jumamosi na Jumapili, hutengeneza dola 640. Huyo jeshi linampunguzia pesa ya mwezi, na ni bora ajue leo. Faida yake iko kwingine, kwenye bima.

TRICARE Reserve Select, bima ya afya ya askari wa akiba, kwa bei ya 2025 ilikuwa dola 53.80 kwa mwezi kwa mtu mmoja na dola 274.48 kwa familia nzima, wawe watoto wawili au sita. Linganisha na kile kinachokatwa kwenye hundi yako kazini. Wenye kazi za serikali kuu, pamoja na posta, waangalie vizuri: anayestahili bima ya wafanyakazi wa serikali kuu haruhusiwi kununua hii hadi Januari 2030. Kuna pia bima ya maisha, SGLI, hadi dola 500,000. Utaingizwa moja kwa moja, na mrithi ni yule uliyemwandika mwenyewe. Ukiandika jina la mama nyumbani na kumsahau mke, pesa zitakwenda kwa mama.

Pensheni huhitaji miaka 20 yenye alama 50 za utumishi au zaidi kila mmoja, na kwa kawaida hulipwa kuanzia miaka 60.

Hatua ya tano: kazini

Sheria inayokulinda ni USERRA ya 1994. Humwombi bosi ruhusa, unampa taarifa. Inaweza kuwa ya mdomo, ila iandike kwa baruapepe: tarehe ya kuondoka, tarehe unayotarajia kurudi, na kwamba ni utumishi wa kijeshi. Huhitajiki kutafuta wa kushika zamu yako. Huwezi kulazimishwa kutumia siku zako za likizo. Mwajiri naye halazimiki kukulipa siku hizo. Mwaka wa jeshi huanza Oktoba 1. Mara kikosi kinapotoa ratiba, mpelekee msimamizi tarehe zote 12 na zile wiki mbili za kiangazi kwa mkupuo. Ukimjulisha kila Alhamisi jioni, sheria bado iko upande wako, lakini utakuwa umemkera bure.

Wa zamu za usiku wasikie hili: sheria inataka upewe muda wa kufika kikosini ukiwa umepumzika. Anayetoka kazini saa moja asubuhi hawezi kutarajiwa asimame kwenye mstari saa hiyo hiyo, kwa hiyo zamu ya Ijumaa usiku nayo iingie kwenye taarifa yako. Na ukiona 0700 kwenye ratiba, hiyo ndiyo saa moja asubuhi. Usiifasiri kwa saa za Kiswahili ukafika na jua la mchana.

USERRA huwalinda waajiriwa. Dereva wa Uber, msambazaji wa vifurushi kwa gari lake, au mwenye lori lake anayefanya mikataba huhesabiwa kuwa mkandarasi, na hana kazi ya kushikiliwa. Aliye kwa wakala wa ajira analindwa.

Bima ya kazini: ukiwa nje siku 30 au pungufu, unaendelea kulipa sehemu yako ya kawaida. Zaidi ya hapo unaweza kuiendeleza hadi miezi 24, ila unaweza kutozwa hadi asilimia 102 ya gharama yote. Wengi huiacha, kwa kuwa amri ya kuitwa kwenye utumishi wa zaidi ya siku 30 huipa familia TRICARE bila malipo ya kila mwezi. Mwajiri akigoma, wapatanishi wa ESGR, ofisi ya Wizara ya Ulinzi, husaidia bure. Wakishindwa, malalamiko rasmi huenda Wizara ya Kazi.

Hatua ya sita: nyumbani

Kaeni chini mkiwa na kalenda, si kwa mazungumzo ya "tutaona". Swali la kuanzia ni lile Mama Amina atakalouliza mwenyewe: "Baba Amina, mtoto anatoka dei kea saa kumi na mbili jioni na mimi natoka kazini saa moja. Nani anamchukua?" Andika jina la mtu, kisha jina la pili kwa siku yule wa kwanza anaumwa. Wote wawili wawe kwenye orodha ya shule ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto.

Kama mwenzako haendeshi gari, leseni yake iwe mkononi kabla hujapanda ndege. Kati ya kusoma, mazoezi na tarehe ya mtihani, ni kazi ya miezi miwili au mitatu.

Simu huchukuliwa mafunzo ya awali yanapoanza, na unapewa dakika chache siku chache. Fikiria maana yake. Benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Programu ya kutuma pesa kwa wazazi kijijini, umeme, tovuti ya mwenye nyumba, vyote vinatuma namba kwenye simu iliyofungiwa Missouri. Mwezi mmoja kabla, fungueni akaunti ya pamoja, hamisha malipo yote yajilipe, na mwenzako asajili programu ya kutuma pesa kwa jina na simu yake. Mjaribu mara moja ungali nyumbani.

Weka akiba ya bili za miezi miwili. Malipo ya kwanza ya jeshi huchelewa, na posho ya nyumba, BAH, huchelewa zaidi kama ulifika bila nakala za mkataba wa nyumba, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Beba nakala tatu kwenye bahasha ya plastiki. Asili zibaki nyumbani. Tengeneza pia hati ya uwakili, na ile ya kazi mahususi ni salama kuliko ya jumla. Wanasheria wa jeshi huiandaa bure.

Madeni uliyokuwa nayo kabla ya mafunzo yana kinga ya sheria ya SCRA: riba inashushwa hadi asilimia 6 kwa muda wa utumishi kamili, lakini ni lazima uandike barua na kuambatanisha amri yako, si zaidi ya siku 180 baada ya utumishi kuisha. Mkopo wa gari wa asilimia 14 haujishushi wenyewe.

Mzazi anayelea peke yake, au wote wawili askari, hutakiwa kuwa na Mpango wa Malezi (fomu DA 5305) unaomtaja mlezi aliyekubali kwa saini. Mara nyingi jina linalokuja ni bibi, Mwanza au Kisumu. Linawezekana, ila mtoto mwenye kadi ya kijani akikaa nje ya Marekani mwaka mmoja au zaidi anaweza kupoteza ukaazi wake. Omba kibali cha kurejea kwa fomu I-131 akiwa bado Marekani.

Baada ya kiapo

Mtihani wa nguvu za mwili ni AFT, iliyoanza Juni 1, 2025: kunyanyua chuma, kusukuma mwili, kukimbia na kuvuta mizigo, kukaa kwa viwiko, na maili mbili. Unahitaji angalau alama 60 kwa kila kipengele. Maili mbili ndizo huwashinda watu wa shifti za usiku. Kimbia siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu kabla.

Tarajia pia jioni moja au mbili kwa mwezi za kozi za mtandaoni na baruapepe. Nunua kisomeo cha kadi ya kijeshi cha USB mapema.

Usipoweza kuhudhuria drili, kwa harusi, msiba au mtoto mgonjwa, mpigie kiongozi wa kundi lako kabla na uombe kufidia siku nyingine. Kutokuhudhuria bila ruhusa huhesabiwa kwa vipindi, na vipindi 9 ndani ya mwaka ni kushindwa kutimiza wajibu. Wikiendi mbili ni 8 tayari.

Hilo linagusa uraia. Askari asiye raia huomba kwa fomu N-400 bila ada, akiambatanisha N-426 inayothibitisha utumishi wake. Uraia uliopatikana hivyo unaweza kufutwa ukiachishwa jeshi kwa sababu zisizo za heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zinakubali uraia pacha. Tanzania haikubali kwa mtu mzima, na katiba ya Kongo nayo inasema uraia wake ni mmoja tu, kwa hiyo fikiria kiwanja na urithi kabla ya kiapo cha pili.

Kurudi kazini

Ukimaliza mafunzo unapewa DD-214, cheti cha kumaliza utumishi huo. Soma jina na tarehe kabla ya kuondoka kambini, kwa kuwa kuirekebisha baadaye ni safari ndefu. Utumishi wa siku 31 hadi 180 unakupa siku 14 za kuomba kurudi kazini. Zaidi ya 180, siku 90. Drili ya wikiendi haina nafasi hiyo: unarudi zamu yako inayofuata, baada ya safari salama na saa 8 za kupumzika. Tuma baruapepe kwa ofisi ya wafanyakazi siku ya kwanza ukiwa nyumbani, na siku hiyo hiyo nunua TRICARE Reserve Select, maana ile ya bure huisha pamoja na amri yako.